Siku za Mvua ya Masika: Namna ya Kumwandalia Mzee Shughuli za Nyumbani

Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Lamu. Upepo wa kusi umeshaanza, bahari imechafuka, na vichochoro vya Mkomani na Langoni, ambavyo siku za kaskazi mzee huvipita taratibu akijishika ukutani, vinageuka vijito vinavyoteremka kuelekea pwani. Mjini kwetu hakuna gari la kumchukua mtu mlangoni. Kuna miguu, punda na chombo, na vyote vitatu si vya mtu wa miaka 75 siku ambayo mawe yamejaa utelezi. Basi mzee hukaa ndani. Siku ya kwanza hushukuru kwa mvua ya rehema, siku ya pili hulala, na siku ya tatu huanza kuuliza ni saa ngapi, akajibiwa, kisha akauliza tena kabla chai haijapoa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya siku hiyo ya tatu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Masika moja nilimletea mama yangu kitabu cha picha za kupaka rangi pamoja na penseli 12, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba kazi hiyo huwatuliza wazee. Alikifungua, akapaka rangi jani moja la mwembe, akakifunga, akasema, "Mwanangu, mimi si mwana mchanga." Kisha akamtuma mjukuu wake amshushie ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, uliokuwa juu ya kabati. Alikaa na ukindu ule mpaka adhana ya alasiri, na mara mbili aliniita nikatazame, si kwa kuwa alihitaji msaada, bali kwa kuwa nilikuwa nikipita bila kutupa jicho. Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha shughuli yoyote ya mzee: je, katika kazi hii yeye ndiye ajuaye, au yeye ndiye anayeshughulishwa? Ikiwa anashughulishwa tu, kazi hiyo itamchosha kabla mvua haijapusa.

Mahali pa kukaa

Kabla ya kuchagua kazi, chagua mahali. Nyumba zetu za mawe zilijengwa ili kuzuia jua: kuta ni nene, madirisha ni machache, dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na kadiri mtu anavyoingia vyumba vya ndani ndivyo giza linavyozidi. Mwezi wa Februari hiyo ni neema. Mwezi wa Mei, mbingu ikiwa imefunga, ni taabu kwa macho yaliyozeeka, kwa sababu mboni ya jicho hupungua upana na lenzi yake huingia umanjano, hata ikakadiriwa kwamba mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama thuluthi moja tu ya unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Mzee anaposema kwamba hataki tena kushona, mara nyingi maana yake ni kwamba haoni tundu la sindano na anaona haya kusema. Mweke kando ya dirisha, au kando ya mlango unaotazama kiwanda cha nyumba, yaani ua wake wa ndani, na ikiwa anatumia mkono wa kulia basi nuru imjie kutoka kushoto ili kivuli cha mkono wake kisianguke juu ya kazi.

Nyumba yenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ina bahati zaidi. Mabaraza ya mawe ya daka yamo ndani ya ukuta, mvua hailowanishi ila pembeni, na mzee anayeketi hapo huwaona wapitao na kusalimiwa, jambo ambalo kwa mtu aliyefungiwa na mvua lina uzito kuliko shughuli yoyote nitakayoitaja. Jiwe lakini ni baridi. Tandika mto au godoro dogo, na shuka ya miguu. Aliyezoea mkeka akae juu ya mkeka, ila yule ambaye magoti yake yanalalamika apewe kiti chenye mgongo na mikono, kwa sababu kinachomshinda mzee si kukaa bali kuinuka.

Ngazi zetu ni nyembamba tena zimesimama wima. Amueni asubuhi kama mzee atashinda juu au chini, kisha vipelekwe hapo vyote atakavyohitaji, maji ya kunywa yakiwa ya kwanza, maana uzeeni kiu hupungua hata mwili ukiwa unahitaji maji, na hali ya hewa ya mvua huzidisha usahaulifu huo. Kila mahali dari inapovuja, na masika haikosi mahali pa kuvuja, sakafu ifutwe mara moja. Ndoo ya kukingia matone isiwekwe kwenye njia ya kwendea chooni.

Nina onyo moja ambalo sitalipunguza makali. Mvua inapovuma na madirisha yakafungwa, watu huingiza seredani, yaani jiko la makaa, chumbani ili mzee apate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito, dalili ambazo kwa mzee tutazisingizia uzee au mvua. Seredani ibaki kwenye kiwanda au jikoni palipo wazi. Hata chetezo cha udi kiingie, kifukize, kitoke. Joto litafutwe kwa soksi, shali na kikombe cha tangawizi.

Ukindu hupenda mvua

Katika kazi zote za mikono, kusuka ukili, yaani utepe wa majani unaoshonwa ukawa mkeka, ndiko ninakoanzia, na sababu ni ya ukindu wenyewe. Siku za jua kali ukindu hukauka, hukakamaa na kuchanika, hata msusi akalazimika kuunyunyizia maji kila mara. Siku za mvua unyevu wa hewa hufanya kazi hiyo bure, na jani hujikunja mkononi kama uzi. Wanawake wengi wa zamani walijua hivyo, wakawa wanasuka kili zao masika na kuzishona zikawa mikeka baadaye, jua likirudi.

Maandalizi yatangulie mvua. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huchanwa na kuanikwa juani mpaka yakawa meupe; anayetaka rangi huyachemsha katika rangi kisha huyaanika tena, na hapo ndipo wengi hukosea, kwani ukindu uliotiwa rangi katikati ya masika haukauki upesi na huota kuvu. Nunua au tayarisha mafungu ya kutosha mwezi wa Machi. Aliyekosa ukindu anaweza kutumia miaa, ambayo ni migumu kidogo na hufaa zaidi kwa vikapu na majamvi.

Mpe mzee kazi ya kuchana kwanza. Anashika jani, anatia ukucha wa kidole gumba karibu na shina lake, anavuta mpaka ncha, na anayeijua kazi hii hutoa majani kumi yenye upana mmoja bila kupima kwa chochote ila kidole. Usawa wa upana ndio siri nzima ya ukili mzuri, na ndiyo sababu kazi hii, ingawa inaonekana ya kitoto, haifai kuachiwa watoto. Jani likiwa gumu, litiwe ndani ya kitambaa kibichi kwa nusu saa. Msusi aliyekaa chini huubana mwanzo wa ukili kwa unyayo. Aliyekaa kitini aufunge kwenye mguu wa kiti au wa meza, ili mikono yote miwili ibaki huru na mgongo usiiname.

Anayejifunza asianze na majani mengi, matano yatosha. Aliye fundi ataongeza apendavyo na kuingiza rangi mahali pake. Jani linapokaribia kwisha, jipya hulazwa juu yake likiwa bado na urefu wa vidole viwili, likasukwa pamoja nalo mara kadhaa, na vishungi vinavyochomoza hukatwa mwishoni kwa mkasi mdogo. Ukili hupimwa kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na kupima kwenyewe ni mazoezi ya mabega ambayo hakuna daktari aliyeyaandika. Mwenye baridi yabisi katika vidole afanye jani pana zaidi, apumzike kila baada ya dakika 20, na atumbukize mikono katika maji ya uvuguvugu kabla ya kurudi kazini. Maumivu yanayobaki mpaka kesho yake ni dalili kwamba leo alizidisha.

Si lazima liwe jambo la mkeka mzima. Kawa la kufunikia chakula, upepeo, au kifumbu cha kukamulia nazi ni vitu vidogo vinavyokwisha ndani ya siku chache, na kifumbu kina faida ya kutumika siku hiyo hiyo jikoni. Kazi ikisimama, ukili usikunjwe na kutiwa kabatini ukiwa na unyevu. Utundikwe kwenye kigingi mahali penye hewa.

Babu aliyekuwa mvuvi hataki ukindu, naye asilazimishwe. Kusi ni msimu wa vyombo kufungwa na nyavu kushonwa, na mkono uliofuma jarife miaka 40 haujasahau. Omba wavu uliochanika kwa jirani anayevua, utundike kwenye ndoano ya ukutani kwa urefu wa kifua chake, mpe sindano ya kufumia nyavu na uzi, kisha mwache. Kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mzee wavu wa kujipitishia muda na kumpa wavu ambao Jumamosi mwenye wavu atauhitaji. Huu wa pili ataufanya vizuri na atakuwa na la kusema juu ya aliyeuchana.

Kofia za vito zahitaji neno fupi tu. Ni kazi ya macho makali: kila kitundu hutobolewa katika kitambaa cheupe na kingo zake kuzungushiwa uzi, na kofia moja yaweza kuchukua mwezi au zaidi. Mzee ambaye macho yamemchoka asiondolewe katika kazi hiyo bali apandishwe daraja, awe mchora nakshi na mkaguzi, akae na kijana ashonaye na kupitisha kidole juu ya vito. Kidole cha fundi huona palipokosewa kabla ya jicho la mwanafunzi.

Bao, kuanzia kete ya kwanza

Bao huchezwa barazani, na mvua inapolifukuza baraza watu huona kwamba mchezo nao umekwisha. Liingizeni ndani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo mbele yake, na kete zote pamoja ni 64, nazo kwa desturi ni komwe, mbegu za kijivu zinazoteleza mkononi na kutoa mlio zinapogongana. Mlio huo ni nusu ya utamu wa mchezo. Anayekosa komwe atumie kokoto au vifungo vya nguo, mradi viwe vikubwa kiasi cha kushikwa na vidole vilivyokakamaa.

Ikiwa mzee anacheza na mjukuu, waanze na bao la kujifunza: kila shimo hutiwa kete mbili, na mchezo huanza bila kete za mkononi. Mtoto hujifunza kwa siku moja kula, kutembeza kete na kugeuka kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu. Siku ya pili au ya tatu, wahamie bao lenyewe, ambalo kila mmoja huweka kete sita kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu la safu ya mbele, mbili katika shimo lililo kando yake kuliani na mbili katika lile linalofuata, na 22 hubaki mkononi. Hapo huja kunamua: kila zamu mchezaji hutia kete moja kutoka mkononi katika shimo lake la mbele ambalo halikuwa tupu, na ikiwa shimo la mwenzake linaloelekeana nalo lina kete, huzila na kuzisambaza upande wake kuanzia ukingoni. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizomo mashimoni tu, na ndipo mwenye akili hujulikana. Aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele, au aliyekosa pa kucheza, ameshindwa.

Nimewahi kumtazama mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jina la mgeni aliyemtembelea asubuhi lilikuwa limeshamtoka adhuhuri, akihesabu kwa jicho tu kete za shimo lenye tisa, akajua zitaishia wapi baada ya kula mara tatu, na akaanza kucheka kabla hajatia mkono. Sisemi kwamba bao hutibu usahaulifu. Sijaona mchezo utibuo, na mzee anayezidi kusahau apelekwe akapimwe. Nasema kwamba yapo mambo yaliyobaki mazima ndani ya mtu, na bao huyatoa nje watu wakayaona.

Weka bao juu ya meza ndogo badala ya sakafu. Taa iwe juu ya bao, si nyuma ya mchezaji. Muda wa kufikiri usihesabiwe, na mtoto akatazwe kumwambia babu yake "cheza basi". Dhumna na karata pia ni nzuri wakipatikana wanne, ingawa, kwa maoni yangu, dhumna huwa na kelele nyingi kwa nyumba yenye mtu anayelala mchana. Vile vipande vyenye nukta kubwa vilivyopakwa rangi ni rahisi zaidi kwa macho.

Kuuliza na kurekodi

Kila mtu hushauri kwamba wazee waulizwe habari za zamani. Shida iko katika namna ya kuuliza. Ukimwambia bibi, "Hebu tusimulie maisha yako," atakujibu kwamba hana la kusimulia, kisha atanyamaza, kwa sababu swali kubwa humfunga mtu mdomo. Uliza juu ya kitu. Chukua funguo kuukuu, sinia la shaba au picha ya harusi, umwekee mkononi, uulize kilinunuliwa wapi na nani alikibeba mpaka nyumbani. Uliza dau la babu lilikuwa na jina gani. Uliza siku ya mvua kama hii walikuwa wakipika nini, na nani aliyekuwa akivuja dari zaidi mtaani. Swali dogo hufungua mlango, na mwenyewe ataingia kwa miguu yake.

Simu ya mkononi yatosha kurekodi. Omba ruhusa kwanza, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na msemaji, mbali na dirisha, kwa sababu mvua inayopiga paa la mabati au la makuti husikika katika rekodi kuliko inavyosikika masikioni. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, jina la anayesema na jambo linalosemwa, na jioni ipeleke kwa ndugu mwingine ili simu ikitumbukia majini sauti isizame nayo. Usirekodi zaidi ya nusu saa kwa kikao kimoja.

Katika Lamu na visiwa vyake kuna hazina ambayo haikuandikwa yote. Waliolima bara wanajua vave, nyimbo za wakulima zilizoimbwa wakati wa kutayarisha mashamba. Wavuvi wana kimai, nyimbo zao za baharini. Kina mama wana tumbuizo za harusi na nyimbo za kulalisha watoto, ambazo kila nyumba huzigeuza kidogo. Mwenye kumbukumbu ya utenzi mrefu apewe nafasi ausome kwa sauti na kwa mahadhi yake, naye atakapokwama, asikatizwe kwa kuangaliziwa katika simu. Subira kidogo, na mara nyingi beti iliyopotea hurudi ikivutwa na kina cha ile iliyotangulia.

Watoto wakirudi kutoka madrasa wakiwa wamelowa, wabadilishwe nguo na kukalishwa mbele ya bibi kwa vitandawili. Bibi aseme "Kitandawili!" nao waitikie "Tega!", na sheria za mji zifuatwe sawasawa: anayeshindwa atoe mji, na mtegaji akae katika mji huo atambe kabla ya kutegua. Kutamba ndiko kunakomfurahisha mzee, na ni jambo la kusikitisha kwamba shuleni vitandawili hufundishwa kwa kuruka sehemu hiyo.

Mkate wa sinia kwa mikono miwili mizee na miwili michanga

Jikoni siku ya mvua ni mahali penye joto na harufu, ila mzee asisimame mbele ya moto wala asikalie mbuzi ya kukunia nazi, ambayo iko chini mno kwa nyonga zake. Kazi zake ni za kukaa: kuchagua mchele, kutoa iliki kwenye maganda na kuzitwanga, kukamua tui, kuonja, na kuamua. Achari ziachwe mpaka jua lirudi. Anayeanika maembe masika anajitafutia kuvu.

Mkate wa sinia unafaa kwa sababu umejaa kungoja, na kungoja katika mvua si tabu. Vikombe viwili vya mchele hulowekwa usiku. Asubuhi huchujwa, husagwa pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito mpaka ukavipitisha vidole katika rojo na usihisi chembe, kisha hutiwa kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki iliyotwangwa. Rojo hufunikwa na kuachwa liumuke kwa kadiri ya saa moja, au zaidi ikiwa siku ni ya baridi. Baadaye hutiwa sukari nusu kikombe, likakorogwa polepole, na kumiminwa katika sinia lililopakwa samli na kupashwa moto. Moto huwa juu na chini: makaa machache chini, na mengi zaidi juu ya kifuniko. Hapo ndipo mzee anapohitajika kwa kweli, kwa maana saa haisemi lini mkate umeiva. Husema harufu, na rangi ya kingo, na yule aliyeupika mara elfu.

Kwa mwenye kisukari, sukari ipunguzwe na kipande kiwe kimoja, chembamba, tena baada ya chakula na si badala yake. Asinyimwe kabisa mbele ya wenzake wanaokula. Huo nao ni ukatili.

Kuinuka

Kazi zote nilizozitaja ni za kukaa, na kukaa siku nyingi hulegeza miguu haraka kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Ndani ya nyumba ya Lamu hilo lawezekana bila chombo chochote. Kila kabla ya kutia udhu, mzee ainuke kitini na kuketi mara tano bila kujivuta kwa mikono, akiwa na mtu ubavuni. Kisha ashike ukingo wa meza nzito, ainue visigino, avishushe, mara kumi. Kuzunguka kiwanda mara kadhaa mvua ikipusa ni bora zaidi, sakafu ikiwa imekauka. Anayesikia kizunguzungu, kifua kubana au maumivu mapya aache na aonwe na mganga wa zahanati kabla ya kuendelea.

Kwa yule ambaye hawezi tena kufuata mchezo wala hadithi, harufu na mguso hubaki. Mpe asumini na rehani katika sahani, uzi na sindano butu, atunge. Nimeona mikono isiyomtambua mtoto wake ikifunga kikuba, kile kishada cha maua, sawasawa. Usimsahihishe, na usimuulize "unanikumbuka?", kaa karibu, ushike ncha ya pili ya uzi.

Jioni, kabla taa hazijapunguzwa, ukili utundikwe, wavu uondolewe njiani, maji ya kwenye ndoo za matone yamwagwe ili mbu wasizaliane, na kete za bao zihesabiwe na aliyeshinda. Zikiwa 63, itazameni chini ya mkeka, kisha katika kiganja cha mjukuu mdogo kuliko wote.